Maji Yaliyochemshwa Mara Mbili

Kila asubuhi, kabla hata hajaweka mkoba wake chini, Mama Mvuke alifungua bomba la zahanati, akaacha maji yatiririke mpaka ahesabu kumi, kisha akakinga bilauri moja na kwenda nayo dirishani. Aliinyanyua usawa wa jicho, akaizungusha kidogo, akayatazama maji jinsi mama mkwe anavyomtazama mke wa mwanawe: akitafuta kasoro huku anatabasamu. Kasoro haikuwepo. Akayanywa yote kwa mkupuo mmoja, akajipangusa mdomo kwa kiganja na kusema, "Haya, kazini."

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Wengine wote walimwita Mama Mvuke, kwa sababu ukifika zahanati saa mbili asubuhi ulimwona kwanza kama kivuli ndani ya mvuke, amesimama katikati ya sufuria zake mbili kubwa kwenye kijumba cha nyuma, shavu linang'aa, mwiko mkononi kana kwamba anapika chakula cha harusi. Hakuwa anapika kitu. Alikuwa anachemsha maji. Alikuwa mhudumu: afagie, apige deki, aoshe mabeseni, atundike ile mizani ya watoto yenye suruali ya turubai. Hizo alizifanya kama mtu yeyote anavyofanya kazi. Kuchemsha maji ndiyo kazi aliyoifanya kama ibada.

Sababu yake ilijulikana, ingawa mwenyewe aliisema kwa maneno machache. Mtoto wake wa pili alikufa kwa kuhara akiwa na miezi minane, enzi zile mji ukinywa maji ya mto. Alimpa kikombe cha maji kutoka kwenye ndoo, siku mbili baadaye akamzika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu hapo hakuna tone lililopita kwenye koo la mtoto mbele yake bila kupita kwanza motoni.

Na si mara moja. Mara moja, alisema, ni kuwaamsha vijidudu. Mara mbili ndiyo kuwazika. Kwa hiyo aliyachemsha mpaka mfuniko ucheze, akayaacha yawe vuguvugu, akayachemsha tena. Halafu alikuwa na utaratibu mwingine ambao hakufundishwa na mtu, aliubuni mwenyewe ili kuokoa mkaa: hakuwahi kuimwaga sufuria ikawa tupu. Maji yaliyobaki jioni aliyaacha mle mle, asubuhi akaongeza mapya juu yake. Ya jana aliyaita wakubwa, ya leo wadogo.

"Wakubwa wameshapikwa," aliwaambia kina mama. "Wanawalea wadogo. Hata moto hauhangaiki."

Kina mama walicheka, na wengine wakaenda kufanya vivyo hivyo nyumbani kwao. Ndani ya sufuria, kuanzia chini mpaka katikati, palikuwa na ukoko mweupe mgumu kama chokaa. Hakuukwangua. Aliona ni dalili ya sufuria iliyofanya kazi.

Watu walimwamini, na walikuwa na haki ya kumwamini. Kwa miaka ishirini na miwili, watoto walionyweshwa maji ya Mama Mvuke hawakuhara. Zahanati ilikuwa na mpango wa maziwa ya unga kwa watoto wasio na titi la kunyonya: yatima, pacha waliozidi maziwa ya mama yao, watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa. Kila Alhamisi waliletwa, wakapimwa uzito, wakapewa kopo la maziwa, na chupa zao za chai zikajazwa maji ya Mama Mvuke. Waliokaa karibu walikuja kujaza hata kila siku. Ukutani juu ya ndoo palikuwa na bango la tone la maji linalotabasamu, limeandikwa CHEMSHA. Mtu mmoja alikuwa amelichora masharubu, na Mama Mvuke hakulitoa kwa sababu neno bado lilisomeka.

Miaka minne kabla ya habari hii, mji uliachana na mto. Kilichimbwa kisima kirefu upande wa juu, karibu na mashamba makubwa ya mboga na mabanda ya kuku, na maji yakaja mabombani, meupe pee, hayana harufu, hayana tope. Watu walikinga mikono na kucheka. Kule juu mbolea ya chumvichumvi ilimwagwa gunia kwa gunia, na samadi ya kuku ililundikwa nje ya mabanda mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima. Mvua ikinyesha, marundo yalipungua. Hakuna aliyejiuliza yanakwenda wapi. Kitu kikipotea ardhini, watu husema kimeisha.

Mama Mvuke aliishi na kitinda mimba wake, binti aliyekuwa fundi cherehani kwenye karakana ya kushona sare. Binti alijifungua mtoto wa kiume, mwenye upara na uso wa kukunja kama mzee aliyenyimwa kiti. Bibi alimwita mume wangu. Mtoto alipotimiza miezi miwili mama yake alirudi kwenye cherehani, maziwa yakakauka kifuani, mtoto akaingia kwenye chupa. Bibi alikwenda naye kazini, amemfunga mgongoni, na chupa yake ilichanganywa kutoka kwenye ile sufuria, kutoka chini kabisa, walikokaa wakubwa.

Wiki ya tatu, binti alikuwa akivaa viatu mlangoni akasimama na kiatu kimoja.

"Mama, huyu mtoto midomo yake mbona iko hivi?"

"Hivi vipi?"

"Kama amekula zambarau."

Bibi akamgeuza mtoto kwenye mwanga. Midomo ilikuwa ya kijivu, na kucha zake vilevile. "Baridi hii. Mletee soksi."

"Jana pia ilikuwa hivi, na jana kulikuwa na joto."

"Sasa wewe ndiye mhudumu wa afya au mimi? Nenda, utachelewa, msimamizi wako ana mdomo kama sindano."

Binti akaenda, lakini alikwenda akigeuka nyuma. Bibi alibaki akimtazama mume wake. Hakuwa na homa. Hakukohoa. Alinyonya kidogo, akalala, akaamka, akalala tena. Kilichomkera bibi ni kimya chake. Mtoto yule alikuwa mlalamishi, na sasa alikuwa anakaa kama mgeni.

Nesi wa zahanati akamsikiliza kifua. "Kifua kizuri, shangazi. Labda tumbo. Tumwangalie siku mbili."

Tumbo. Neno lile lilimwingia Mama Mvuke mahali alipopafahamu. Siku hiyo akafanya alichokijua: maji ya mjukuu wake akayatoa kwenye sufuria kubwa, akayatia kwenye ndogo, akayachemsha mara ya tatu. Yaliingia nusu lita, yakatoka kikombe kimoja. Akakipoza, akachanganya maziwa, akampa. Kesho yake akafanya hivyo tena.

Siku ya tatu mtoto alikuwa na rangi ya jivu uso mzima, na mama yake hakumwuliza mtu. Alimbeba akaenda naye barabarani bila viatu, bibi nyuma yake na mkoba wa nepi na ile chupa ya chai.

Katika hospitali kubwa walipokelewa na daktari msichana, umri wa kuwa binti wa Mama Mvuke, nywele amezibana kwa kalamu. Walimwekea mtoto hewa ya mtungi, na rangi haikubadilika. Daktari akaitazama ile rangi, akamtoboa mtoto kisigino, akadondosha tone la damu kwenye karatasi nyeupe. Kisha akajitoboa kidole chake mwenyewe, akadondosha la kwake pembeni. La daktari lilikuwa jekundu. La mtoto lilikuwa la kahawia kama machicha ya kahawa, na walipolisubiri halikugeuka jekundu.

"Anakunywa nini?" daktari akauliza.

"Maziwa ya kopo," akasema binti.

"Yanachanganywa na maji gani?"

Hapo Mama Mvuke akasogea mbele. Hilo lilikuwa swali lake. "Ya bomba, daktari. Lakini usihofu, mimi ni mtu wa zahanati. Nayachemsha mara mbili. Haya ya juzi nimeyachemsha mara tatu."

 Daktari akamwita mwenzake, wakazungumza kwa sauti ndogo, ikaletwa bomba la sindano lenye dawa ya buluu kama wino. Binti akashika mkono wa daktari.

"Buluu? Mtoto tayari amekuwa buluu, mnataka kumwongezea?"

"Hii ndiyo inayomwondolea, dada. Niachie mkono."

Dawa ikaingia polepole kwenye mshipa. Bibi alitazama saa ya ukutani, halafu midomo, halafu saa. Robo saa. Nusu saa. Kama mtu anapuliza kaa ndani ya majivu, wekundu ukaanza kurudi, kwanza masikioni, kisha midomoni. Haikutimia saa nzima mtoto alikunja uso wake wa mzee akalia, kilio cha haki yake, mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu akasema, "Huyo amepona, apelekwe nyumbani." Binti alicheka huku machozi yanamtoka. Mama Mvuke hakucheka.

"Daktari," alisema, "ni maji?"

"Nadhani ni maji. Nitawapigia watu wa idara ya maji waje kupima. Kuna kitu kinaitwa naitreti, kinatoka kwenye mbolea na samadi. Mkubwa akinywa hakimdhuru. Mtoto wa chini ya miezi sita, damu yake bado changa, kinaiharibu, inashindwa kubeba hewa. Ndiyo maana mtungi haukumsaidia. Anayenyonya titi hana shida. Ni hawa wa chupa."

"Lakini mimi nimechemsha."

"Ndiyo, mama." Daktari aliitoa kalamu kichwani, akaitazama, akairudisha. "Nani alikwambia uchemshe mara mbili?"

"Nani angeniambia nisichemshe?"



Mpimaji wa idara ya maji alifika zahanati Jumatatu na kisanduku cha bati. Alikuwa mtu mnene, mwenye utani, mwenye kusema na vifaa vyake. "Njoo mpenzi," alikiambia kikaratasi kimoja, akakichovya kwenye maji ya bomba. Kikageuka waridi. Akakiweka pembeni ya kadi ya rangi. "Mwisho unaoruhusiwa ni miligramu hamsini kwa lita. Hapa tuko karibu na tisini. Mh. Sasa tuletee hilo dimbwi lako la sufuriani, mama."

Mama Mvuke akachota kikombe kutoka chini ya sufuria. Mpimaji akachovya. Karatasi ikawa ya zambarau iliyoiva, ikapita rangi ya mwisho ya kadi. Mpimaji akaacha utani. Akayachanganya maji yale na maji safi kutoka chupa yake, akapima tena, akapiga hesabu kwa vidole.

"Mia mbili na arobaini. Labda zaidi."

"Maji ni yale yale," akasema Mama Mvuke. "Yametoka bomba lile lile. Mimi nimeyasafisha."

"Umewaua vijidudu, hilo kweli, hongera. Lakini hiki si kijidudu, hakifi. Ni chumvi." Mpimaji akatazama huku na huku akitafuta namna ya kusema. "Mama, wewe unapika. Ukiinjika supu, ukaiacha motoni mpaka ikabaki nusu, chumvi inakwenda wapi?"

 Mpishi yeyote analijua jibu. Mama Mvuke aliutazama ule ukoko mweupe.

"Na kama sufuria haimwagwi?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Kama kila siku naongeza juu ya ya jana?"

"Hiyo nani anafanya?" akasema mpimaji, kisha akamtazama usoni, akafunga kisanduku. "Pale shule ya msingi, mtaa wa pili, kuna tangi la maji ya mvua. Nimelipima leo leo, naitreti hamna kabisa. Chukua yale. Chemsha mara moja, yakishachemka epua, usiyape muda wa kupungua. Hata chujio la mkaa halitoi kitu hiki, wala dawa ya klorini, watu wasikudanganye. Na mama mjamzito naye apate ya tangi. Mimi nitaandika taarifa."

"Itafika lini?"

"Taarifa ni kama kobe, mama. Inafika."

Saa moja baada ya mpimaji kuondoka, Mama Mvuke alikaa kwenye benchi la kina mama, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Mjukuu alikuwa salama. Alikuwa ametoka kumtekea ndoo shuleni, mlinzi alimruhusu. Wengine je? Walikuwa kumi na mmoja. Aliwataja mmoja mmoja kichwani jinsi alivyowajua: pacha wawili, yatima anayelelewa na babu yake fundi baiskeli, yule wa muuza mkaa, yule mwenye kidole cha sita, na kuendelea. Kila mmoja alimjua kwa uzito wake wa Alhamisi iliyopita. Halafu akamkumbuka mmoja wa mwaka jana, mtoto wa mama mwenye kifua kikuu, aliyelala mchana hakuamka. Walisema moyo. Alikuwa na midomo ya kijivu, na Mama Mvuke mwenyewe ndiye aliyemwambia mama yake avumilie, ni kazi ya Mungu. Hakuna awezaye kujua sasa ilikuwa nini. Hilo lilikuwa baya kuliko kujua.

Akainuka, akaenda kwa mganga mkuu wa zahanati.

Mganga mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mafaili, mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso kila alipotaka kuonyesha kuwa anasikiliza. Aliipandisha.

"Mpimaji ameniambia. Tusubiri barua."

"Alhamisi watakuja watoto kumi na mmoja, mkubwa. Niwaambie?"

"Uwaambie nini? Fikiri. Miaka ishirini tumewaambia chemsha. Ukisema leo kuchemsha kuna madhara, watu wazima nao wataacha. Kesho kutwa nitakuwa na kipindupindu hapa mpaka barazani. Utakuja kuzoa wewe?"

"Nitawaambia yote mawili."

"Hawataelewa yote mawili."

"Basi niruhusu nilete maji ya tangi la shule. Nitayateka mwenyewe."

"Maji ya nje hayaingii zahanati. Mtoto akiugua kwa maji uliyoyabeba kichwani, nitajibu nini? Bomba lina idara, lina muhuri. Tangi la shule lina nani? Lina mijusi." Akashusha miwani. "Wiki mbili tatu tu, mama. Endelea kama kawaida. Ukitaka, chemsha mara moja."

"Mara moja ni tisini," alisema Mama Mvuke. "Mwisho hamsini."

"Nani amekufundisha namba?"

"Karatasi," akasema, akatoka.

Jumanne na Jumatano alimaliza zamu yake na kwenda kubisha hodi. Aliwapata watano. Wawili walimkubalia. Muuza mkaa, mwanamke mwenye kicheko cha kuvunja vikombe, alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kiuno.

"Subiri kwanza, shoga. Wewe? Wewe Mama Mvuke? Uliyenigombeza mbele ya watu kwa sababu nilichemsha maji yakawa hayajacheza mfuniko?"

"Mimi."

"Wauza maji ya chupa wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu. Mjukuu wangu amekuwa buluu."

"Pole. Lakini wangu huyu hapa, mnene kama gunia langu. Nimemlea kwa mkono wako. Sasa uniambie mkono wako ulikuwa na sumu?"

Mama Mvuke akafikiri. "Ndiyo," akasema.

Muuza mkaa aliacha kucheka, lakini hakusema atafanya nini. Mtoto alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mikono juu kama aliyekamatwa. Mama Mvuke aliinama akamtazama kucha, akaziona za waridi, akaaga. Wengine sita hakuwakuta; wengine walihama mtaa, na mmoja jirani zake walimjua kwa jina ambalo Mama Mvuke hakulijua.

Alhamisi ikafika. Saa mbili benchi zilikuwa zimejaa, chupa za chai zimepangwa chini kwa foleni, kila moja na kitambaa chake ili isipotee. Mizani ilining'inia. Na kwenye kijumba cha nyuma hapakuwa na mvuke. Sufuria zote mbili zilikuwa zimefudikizwa ukutani, kavu, zimekwanguliwa mpaka bati linang'aa. Vidole vya Mama Mvuke vilikuwa vimechubuka.

"Leo umeme umekatika?" akauliza mama mmoja.

"Jiko la mkaa linatumia umeme lini?" mwingine akamjibu, na benchi lote likacheka.

Mganga mkuu akatokea mlangoni, akaona, akaelewa. Alikuja karibu akasema kwa sauti ya chini, "Washa jiko, mama."

"Sitawasha."

"Washa, halafu tuongee ofisini."

"Tumeshaongea ofisini." Akamzunguka, kwa adabu, kama mtu anavyozunguka kiti, akasimama mbele ya benchi. Hakuwa na mazoea ya kuhutubia. Siku zote alikuwa amesema na kina mama huku anafanya kitu, na sasa mikono yake haikuwa na kitu.

"Sikilizeni. Sitarudia mara nyingi. Maji ya bomba yameingiwa na mbolea. Haionekani, haina ladha. Mkubwa anywe, lakini achemshe mara moja kama kawaida, asiache kuchemsha. Mjamzito asinywe. Mtoto wa chupa, chini ya miezi sita, maji ya bomba hapana. Yamechemshwa, hapana. Hayajachemshwa, hapana. Mkiyachemsha sana ndiyo mabaya zaidi, kama supu inavyozidi chumvi. Nimewafundisha vibaya. Mjukuu wangu nusura nimmalize kwa mkono wangu. Shule ya msingi kuna tangi la mvua. Mtoto wa chupa, maji ya tangi, chemsha mara moja, epua."

Maswali yakaja yote kwa pamoja.

"Kwa hiyo sisi tuendelee kunywa mbolea?"

"Labda utarefuka."

"Yuko wapi daktari? Daktari, ni kweli?"

Mganga mkuu akapandisha miwani. "Uchunguzi unaendelea. Tunasubiri barua. Hakuna haja ya hofu."

"Hajasema si kweli," akasema babu wa yatima, fundi baiskeli, ambaye Alhamisi zote alikaa mwisho wa benchi bila kusema neno kwa sababu ndiye mwanamume peke yake. Alikuwa akimtazama mganga mkuu kama anavyotazama gurudumu lililopinda. "Nimesikia vizuri. Hajasema si kweli."

"Mzee, mimi nasema tusubiri."

"Mjukuu wangu atakunywa saa nne. Barua itafika saa nne?"

Mwanamke mmoja pembeni akasema kwa sauti kwamba Mama Mvuke amechanganyikiwa kwa sababu ya mjukuu, tumhurumie. Mwingine akasema kikulacho ki nguoni mwako, huyu katuwekea nini miaka yote? Mama Mvuke alilisikia hilo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeitwa jina lake. Mama wa pacha, msichana mwembamba aliyekuwa na mtoto mmoja mgongoni na mmoja mapajani, alikuwa akifungua kiganja cha huyu wa mapajani, anakifunga, anakifungua tena, anageuza kucha kwenye mwanga.

"Mama Mvuke," alisema. "Hebu njoo utazame hizi."

Akaja, akatazama. Zilikuwa za kijivu, si sana. Kama ukiambiwa ni baridi, ungekubali.

"Analia?"

"Tangu jana hajalia. Nilishukuru."

"Usishukuru. Huyu anakwenda hospitali kubwa sasa hivi. Mwambie daktari mwenye kalamu kichwani: naitreti, maji ya bomba. Mwingine tutampitisha shule, tumpe maji mazuri, tukufuate." Akamgeukia nesi. "Dada, mpigie daktari yule, mwambie anakuja mmoja."

Nesi akamtazama mganga mkuu. Mganga mkuu alikuwa anatazama kucha za mtoto. Miwani ilikuwa bado juu pajini, na bila ya miwani hakuwa anaona vizuri, akalazimika kuinama. Alipoinuka alisema, "Piga," na nesi akakimbilia simu.

Lakini mara mganga mkuu akawa tena mtu wa mafaili. "Wengine wakae. Jiko liwashwe, maji yachemshwe mara moja tu, mpaka tupate maelekezo. Nani anawasha?"

 Nesi, kutoka kwenye simu, alisema yeye ni nesi, si mhudumu.

Mama Mvuke alimfungua pacha wa mgongoni, akamfunga mgongoni mwake ili mama yake aende mbio na mwenzake. Fundi baiskeli alikuwa tayari amesimama, mjukuu kifuani, anamfungulia yule msichana njia kati ya chupa za chai. Alikuwa na baiskeli nje yenye kiti cha nyuma, na msichana na mtoto wake walipandishwa juu yake, na kijana anayegawa dawa dirishani akaiendesha. Wanawake watatu wakaokota chupa zao. Wengine walibaki wamekaa, wengine kwa kumwamini mganga mkuu, wengine kwa kuwa walifika mapema na hawakutaka kupoteza nafasi. Muuza mkaa alikuwa miongoni mwa waliobaki. Alikuwa ameishika chupa yake kwa mikono miwili, hajaiweka chini na hajasimama.

"Mama," mganga mkuu akasema nyuma yake, si kwa ukali. "Zamu yako inaisha saa tisa."

"Najua."

"Ukitoka saa hizi nitaandika umetoka."

"Andika, mkubwa. Andika na sababu."

Akapita kati ya benchi, akiwa mwangalifu asipige chupa ya mtu kwa mguu, fundi baiskeli na wale wanawake watatu wakimfuata. Nje jua lilikuwa limeshapanda. Mtoto mgongoni alikuwa mzito kidogo kuliko Alhamisi iliyopita, na Mama Mvuke, kwa mazoea, alikisia uzito wake bila mizani. Wakakata kona kuelekea mtaa wa pili. Hakurudi zahanati saa tisa, wala Ijumaa, wala Alhamisi iliyofuata; aliyemtaka alimkuta penye tangi la shule.